Pasi ya mkaa ilikuwa meli mwezi wa sita, Desemba imegoma. Tatizo ni dirisha, simu au mimi?

#1 BintiKatubuka (Kigoma)
Salaam wakuu, naenda moja kwa moja.

Mwezi wa sita nilichukua pasi ya mkaa ya bibi, ile yenye dohani na jogoo wa kufungia, nikaiweka juu ya kitenge cha bluu nilichokikunjakunja. Kwenye dohani nikachomeka pamba, ukingoni nikawapanga dagaa wakavu kama abiria wanaochungulia bandari. Jogoo ndiye nahodha. Nikapiga kwa simu, mezani karibu na dirisha, saa tatu asubuhi. Ikatoka Liemba kabisa, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Kwenye grupu la familia kuna mjomba aliuliza nauli.

Sasa shangazi anataka kadi ya mwaka mpya, picha ile ile ila abiria wavae kofia za maganda ya karanga. Nimerudia kila kitu: pasi, kitenge, meza, dirisha, simu, saa. Kinachotoka ni pasi juu ya kitenge, na dagaa. Meli haipo.

Waliowahi kupiga vyombo vya ndani kwa mchezo wanisaidie. Wale wa "nunua kamera" wapite.

#2 MgebukaMkavu (Ujiji)
Nunua kamera.

#3 MzeeWaReli (Tabora)
Mwangaluka. Yaani Kigoma mmefikia kuwavika dagaa kofia wakati watu wanatafuta mboga.

Haya, swali la msingi. Hizo picha mbili ukiziweka sambamba, kivuli cha pasi kimeanguka wapi?

#4 BintiKatubuka
@MzeeWaReli ya Juni ina kivuli kirefu kinaelekea magharibi, kinapita juu ya kitenge, na kila mkunjo una upande wa mwanga na upande wa giza. Ya Desemba haina kivuli cha kueleweka. Kuna weusi kidogo chini ya pasi tu.

#5 FundiWaGungu (Kigoma)
Basi jibu limeshapatikana, mengine ni soga. Mawimbi yako hayakuwa kitenge, yalikuwa vivuli vya mikunjo. Mwanga ukija kwa ubavu na chini chini, kila mkunjo unatupa kivuli na jicho linasoma mawimbi. Ukitoka utosini au kila upande, mikunjo inafutika kinabaki kitambaa. Ndiyo maana picha za vitu za saa saba mchana nje hazina ladha.

Dirisha linatazama wapi?

#6 BintiKatubuka
Kaskazini.

#7 MwalimuWaRamani (Kasulu)
Hapo ndipo penyewe. Kigoma ipo karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba linapita upande wa kaskazini, na mwezi wa sita ndiyo limeegemea kaskazini kuliko wakati wowote. Kuanzia Oktoba linahamia kusini, na Desemba ndiyo mwisho wake.

Kwa hiyo dada, saa tatu ya Juni jua lilikuwa linaingia dirishani kwako kwa ubavu kutoka kaskazini mashariki. Saa tatu ya Desemba lipo kusini mashariki, nyuma ya nyumba. Dirishani unapata mwanga wa anga tu, laini, usio na kivuli. Hilo "dirisha lile lile" si lile lile. Hamia dirisha la mashariki au subiri Aprili.

#8 BintiKatubuka
Shukrani mwalimu. Dirisha la mashariki ni la chumba cha bibi, na bibi hataki meza iingie humo.

#9 PwaniNjema (Dar)
Mnajisumbua. Amka saa kumi na mbili asubuhi upate ule mwanga wa dhahabu, umalize kabla watu hawajaamka.

#10 MgebukaMkavu
@PwaniNjema saa kumi na mbili Kigoma ni giza. Kuku mwenyewe bado yupo juu ya banda.

#11 MwalimuWaRamani
Ni kweli kabisa, na wengi wa pwani hawalijui hili. Saa yetu Tanzania nzima imepimwa kwa longitudo 45, na Kigoma ipo kwenye 29 na nusu hivi. Jua linatufikia karibu dakika 40 baada ya Dar. Juni linachomoza kama saa moja na dakika chache, na huku mjini kuna vilima vya mashariki vinavyolizuia zaidi. Utosini linafika kama saa saba, si saa sita. Kanuni za muda mnazosoma mtandaoni zihamisheni kwanza ndipo mzitumie. Tabora nao wapo katikati, kama dakika 25 nyuma ya Dar.

#12 MzeeWaReli
Ndiyo maana treni ya kwenda Kigoma ikichelewa nyie mnasema imewahi.

#13 KahawaYaBuhigwe
Mwalimu nakuheshimu, ila sikubali. Wachoraji wa Ulaya tangu zamani wanapenda chumba chenye dirisha la kaskazini kwa sababu haliingizi jua, mwanga wake ni laini na haubadiliki. Na picha zao za matunda na vyombo mezani hazikosi uhai. Kwa hiyo mwanga laini si adui. Tatizo lipo kwingine.

#14 MwalimuWaRamani
@KahawaYaBuhigwe Ulaya jua lipo kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha lao la kaskazini halipati jua la mchana. Letu linapata nusu mwaka. Halafu wao wanaweka meza kando ya dirisha moja na upande wa pili wa chumba unaachwa giza. Laini ndiyo, ila wa upande mmoja. @BintiKatubuka chumba chako kina dirisha jingine au mlango wazi?

#15 BintiKatubuka
Mlango wa uani huwa wazi, na ng'ambo ya ua kuna nyumba ya jirani. Jirani amepaua upya mwezi wa kumi, bati jipya linamulika hadi ndani, na ukuta wake kaupaka rangi ya maziwa.

#16 FundiWaGungu
Ahaaa. Sasa mleta uzi ndiyo anatuambia! Bati jipya na ukuta mweupe ni kioo cha kurudishia mwanga, bure. Wapiga picha wanaweka karatasi ya manila nyeupe upande wa kivuli ili kivuli kilainike. Wewe jirani kakuwekea manila ya ukubwa wa nyumba. Funga mlango, tundika kanga nyeusi upande huo, upige tena. Mimi naiacha hoja ya jua, nashika ya bati.

#17 MwalimuWaRamani
Bati halihamishi jua.

#18 FundiWaGungu
Jua halipaki ukuta.

#19 ShemejiWaMwanga (Kigoma)
Mkimaliza ugomvi wa anga mnisikilize. Je, simu ilijisasisha kati ya Juni na Desemba? Simu za sasa hazipigi picha moja. Zinapiga kadhaa kwa mfululizo, zinazichanganya, zinainua sehemu za giza na kushusha zilizowaka. Kwa sura ya mtu ni jambo zuri. Kwa pasi nyeusi yenye kivuli ni msiba, maana kivuli ulichokitaka simu inakiona ni kosa na kukirekebisha.

Fanya hivi: gusa pasi kwenye skrini, shikilia kidole mpaka fokasi na mwanga vijifunge, halafu telezesha chini ili picha iwe nyeusi kidogo. Ukiweza, zima ule uchanganyaji wa picha kwenye mipangilio.

#20 DadaWaKibirizi (Kigoma)
Naongezea kwa Shemeji. Dada umetumia ile hali ya kufifisha nyuma? Kama ndiyo, umejiua mwenyewe. Meli ya kweli ukiisimamia gatini inaonekana yote, mbele mpaka nyuma. Kitu kidogo kikipigwa kwa karibu, pua inaonekana na nyuma inafifia, na akili inajua mara moja kwamba hiki ni kidogo. Zima hiyo hali.

Na geuza simu kichwa chini. Lenzi ipo pembeni juu. Ukiigeuza inagusa meza, na abiria wako dagaa anaonekana anakutazama kutoka juu ya sitaha. Kutoka kimo cha mtu aliyesimama, pasi inabaki pasi tu.

#21 BintiKatubuka
Juni sikuififisha nyuma. Desemba niliiweka kidogo ili ipendeze.

#22 DadaWaKibirizi
Kesi imefungwa.

#23 KahawaYaBuhigwe
Haijafungwa. Kwenye #4 amesema kivuli hakipo. Kufifisha nyuma hakuondoi kivuli.

#24 NahodhaMstaafu (Kigoma)
Habari zenu. Mimi napita tu, nimeona jina la Liemba. Vijana mjue meli hiyo Waingereza waliizamisha vita vya kwanza, kisha wakaona aibu wakaiopoa.

#25 MzeeWaReli
Shikamoo mzee. Kwa heshima, hapana. Waliizamisha Wajerumani wenyewe, 1916, ili isiangukie mikononi mwa adui. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makreti hadi Dar na kuja kwa reli yetu ya kati, ikaunganishwa upya hapo Kigoma. Jina lake lilikuwa Graf von Götzen. Waingereza waliiopoa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba.

#26 NahodhaMstaafu
Marahaba. Na mafundi wa Kijerumani kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nzito zisile kutu. Hilo nalijua.

#27 MzeeWaReli
Hapo upo sahihi mzee.

#28 BibiHarusiWaZamani (Ujiji)
Kutu! Wajina BintiKatubuka, hiyo pasi bibi yako hajaisugua? Watu wazima wakisikia kitu chao kinapigwa picha lazima wakitakatishe.

#29 BintiKatubuka
Aisee. Aliisugua kwa majivu na limau, akasema siwezi kuitangaza pasi yake ikiwa chafu.

#30 BibiHarusiWaZamani
Ndiyo hiyo. Meli ya zamani ina kutu na madoadoa. Pasi iliyosuguliwa inang'aa, na kitu kinachong'aa hakina rangi yake, kinaonyesha kinachokitazama. Pasi yako Desemba inaonyesha dari na hilo bati la jirani. Jaribu na kijiko: upande wa mgongo utaona chumba kizima na wewe mwenyewe na simu yako. Chukua masizi ya sufuria, ipake kidogo ubavuni.

#31 FundiWaGungu
Nimesikia "bati la jirani" hapo juu. Nashukuru.

#32 MgebukaMkavu
Mpake pasi masizi halafu muelezeni bibi.

#33 MwanafunziWaChuo (Tabora)
Kuna Mjapani anaitwa Tanaka Tatsuya, tangu 2011 anaweka picha moja kila siku ya vitu vya nyumbani vilivyogeuzwa mandhari. Anaweka vinyago vidogo vya watu kando, na ukubwa wa kitu unabadilika kichwani. Nadhani siri ipo kwenye abiria, si kwenye meli. Dagaa wa Juni walikuwa na ukubwa gani?

#34 BintiKatubuka
Juni dagaa wadogo kabisa. Desemba nimenunua wakubwa kidogo ili kofia za karanga ziwakae.

#35 MwanafunziWaChuo
Sasa jamani! Abiria akikua, meli inapungua. Abiria wa Juni alifikia robo ya dohani, wa Desemba anafikia nusu. Hiyo si meli tena, ni mtumbwi.

#36 DadaWaKibirizi
Hii ndiyo hoja ya kwanza humu iliyonifanya nifikirie upya. Lakini kofia haziwezi kupungua, karanga ni karanga.

#37 MzeeWaReli
Tumieni karanga za Kigoma, zetu za Tabora ni kubwa mno kwa dagaa wenu.

#38 KahawaYaBuhigwe
Mimi nasema tatizo ni yeye mwenyewe, bila kumkosea heshima. Juni alikuwa anacheza, Desemba anatimiza oda ya shangazi. Tena ameshaijua siri, kila akitazama anaona pasi. Mpelekee mtu ambaye hajawahi kuiona ya Juni.

#39 BintiKatubuka
Nimempelekea mtoto wa jirani, wa darasa la pili. Nikamuuliza hii nini. Kasema "pasi." Nikamuonyesha ya Juni. Kasema "pasi iko ziwani."

#40 MgebukaMkavu
Huyo mtoto apewe uzi huu aufunge yeye.

#41 KahawaYaBuhigwe
Hata hivyo ameona ziwa. Kwa hiyo pasi haikuwahi kuwa meli, kitenge ndicho kilikuwa maji. Tunarudi kwa Fundi na mikunjo yake.

#42 MwalimuWaRamani
Mikunjo inayotokana na jua la kaskazini.

#43 MpishiWaMawese (Kigoma)
Naona mmeng'ang'ania pasi. Mimi hupiga vya jikoni tu. Vibanio vya nguo viwili vya kijani kwenye mchele ni mamba wawili ufukweni, mmoja kafungua mdomo. Ile ya kukwangulia karoti ukiisimamisha usiku na kuweka tochi ndani ni ghorofa lenye taa madirishani. Dodoki ni msitu. Mawese nayo ukiyadondosha kwenye maji ndani ya bakuli la kioo unapata majua mekundu yanayoelea, ila yapashe kwanza. Asubuhi ya baridi yanaganda, utapata mabonge. Ukitaka matone yanayopitisha rangi, tumia mafuta ya alizeti na uweke kanga ya maua chini ya bakuli. Nyanyua bakuli juu ya glasi mbili ili kanga iwe mbali, maua yafifie ndani ya matone.

#44 ShemejiWaMwanga
Hiyo ya mamba nimeiba.

#45 MwanafunziWaChuo
Ya ghorofa nimejaribu kwa taa ya ukutani badala ya tochi, picha imetoka na mistari myeusi inayopita. Nini hiyo?

#46 ShemejiWaMwanga
Taa ya LED. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, simu inaona. Kama simu yako ina hali ya kupanga mwenyewe, weka kasi ya kupiga iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde, mistari inaondoka. Tochi nyingi za betri hazina shida hiyo. Na simu iegemeze kwenye mfuko wa maharage, uweke saa ya kuhesabu sekunde 3, kidole chako kisiitikise.

#47 FundiWaGungu
Tochi! @BintiKatubuka tochi ni jua dogo. Subiri usiku, zima taa zote, iweke tochi upande wa mashariki wa meza, chini, karibu na usawa wa kitenge. Isogeze mbali kidogo. Ukiongeza umbali mara mbili mwanga unabaki robo, lakini unatua sawasawa zaidi mbele na nyuma ya pasi. Hapo hakuna Juni wala Desemba. Meli ikirudi, ni mwanga. Isiporudi, nyamazeni wote.

#48 BintiKatubuka
Nimejaribu jana usiku. Mlango nilifunga, simu niligeuza kichwa chini, kufifisha nimezima, dagaa wale wadogo, bila kofia. Mawimbi yamerudi. Pasi bado inang'aa upande mmoja kwa sababu masizi bibi kayakataa. Shangazi kasema ni meli ila ya usiku, anataka ya mchana na kofia zake.

#49 FundiWaGungu
Mwanga. Nilisema.

#50 DadaWaKibirizi
Umebadilisha vitu sita kwa mpigo, utajuaje ni kipi? Kasema amegeuza simu pia!

#51 MwanafunziWaChuo
Na dagaa wadogo.

#52 BibiHarusiWaZamani
Na upande usiong'aa ndio uliofanya kazi.

#53 NahodhaMstaafu
Kwa nini asiende tu bandarini akapiga meli?

#54 MgebukaMkavu
Mzee umechelewa, tuko mbali sana.

#55 KahawaYaBuhigwe
Mjue kuna Mmarekani, Edward Weston, mwaka 1930 alipiga pilipili hoho akaiweka ndani ya faneli ya bati, mwanga ukawa unaizunguka kutoka kuta za faneli. Hoho ile ina misuli utadhani mwili wa mtu, na mpaka leo ni kati ya picha zake zinazojulikana zaidi. Bati limeizunguka hoho kila upande. Mwanga unaorudi. Fundi, hapo unasemaje kuhusu bati la jirani kuua picha?

#56 FundiWaGungu
Nasema ile ni hoho, ina mikunjo yake ya kuzaliwa, haihitaji kitenge. Na faneli haijapakwa rangi ya maziwa.

#57 AsaliMbichi (Tabora)
Wakuu samahani kuingilia. Mimi nauza asali, nataka picha ya chupa yenye mchezo kidogo, nimepanga njegere kama nyuki waliokaa kikao. Asali inatoka nyeusi kama mafuta ya gari. Nifanyeje?

#58 DadaWaKibirizi
Unamulika kwa mbele. Asali inataka mwanga upite ndani. Iweke chupa dirisha likiwa nyuma yake kwa ubavu, halafu kata kipande cha manila nyeupe kidogo kuliko chupa, kiegemeze nyuma yake kisionekane, kiinamie nuru ya dirisha. Asali itawaka. Kama ni ya miombo iliyokolea sana, jaza chupa nyembamba zaidi.

#59 BintiKatubuka
Mwenzetu umeona uzi wangu ni gulio?

#60 AsaliMbichi
Dada nitakutumia chupa moja kwa treni. @DadaWaKibirizi nimefanya hivyo asubuhi hii, asali imewaka vizuri kabisa. Shida sasa ni sisimizi, wameingia kikaoni kabla sijapiga, na ndio wanaoonekana zaidi ya njegere.

#61 MpishiWaMawese
Waache hapo hapo. Miguu ya meza itie kwenye vikopo vya maji ili wasiongezeke, waliopo upige nao.